Kikapu Nilichotoka Nacho Kagerankanda

Kitahana, Kibondo
2015

Mjukuu na mume wangu Yohana,

Huku tunavuna maharage. Babu yako kikohozi kimemwachia, na dada yako karudi salama kutoka Kasulu. Ndiye aliyenisomea barua yako.

Unasema programu yako kwako inafanya kazi vizuri, ila wenzako wakiisakinisha kwenye kompyuta zao za Linux inagoma, kwa sababu faili la maelezo uliloambatanisha halikutaja kila kitu inachohitaji. Umeniuliza, najua kwa utani, utajuaje ulichosahau wakati kwako vyote vipo.

Nilipokuwa naolewa kutoka kwetu Kagerankanda kuja huku, mama alinifungashia kikapu cha vyombo, kisha akanitoa nje, uani, na kufunga mlango wa jiko. Akasema, "Pika kwa vilivyomo humo."

Nilikuwa nimepika miaka yote bila kuwaza. Nikatafuta mwiko, haumo. Nikatafuta chungio la unga, halimo. Kila nilipogeukia jikoni, mama alikwenda kukileta kitu nilichokikosa akakitia kikapuni. Nawe basi, ijaribu kwenye kompyuta isiyo na kitu. Itakachokiita, kiandike.

Mboga ilipokaribia kuiva, nikaita kama siku zote, "Mama, njoo uonje chumvi."

Nilipogeuka, nilimwona ameegemea mlango, anajifuta uso kwa kitenge.

"Hicho," akasema, "sina namna ya kukufungashia."

Ukipata likizo, njoo ule.

Bibi yako