Kwa Nini Tulikimbilia Wavu

Mujukuu wangu Benoît,

Huku Kisangani tuko muzuri. Dada yako amezaa mutoto mwanaume, na muke wangu, koko yako Asha, hamuachilie hata kidogo.

Unauliza kwa nini wacheza tenisi wa leo wakianzisha mupira hawakimbilie tena wavu. Bon, viwanja viko laini, raketi ziko na nguvu, wanabaki nyuma bila woga. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo wa kichuguu. Kiisha mvua, mupira ukigusa chini unaenda kwenye unapenda. Ilibidi kuupiga ukiwa bado hewani.

Siku moja nilianzisha, nikakimbia mbele. Koko yako Asha, wakati ule bado musichana, aliurudisha, naye akakimbia mbele. Tukakutana kwenye wavu, uso kwa uso. Mupira ulianguka wapi, mpaka leo hatujue.

Koko Salumu