Wakwe Wanagombania Nzwani, Mpiga Chapa ni Mimi

Bibi Avelina, shikamoo. Naomba unisaidie, kwa sababu mwezi ujao naolewa na sijui kama harusi itakuwapo, na kosa si la mchumba wangu wala si la mwanamke mwingine, ni la kisiwa ambacho mie sijawahi kukiona na hata baba yangu hajawahi kukiona.

Nafanya kazi katika duka la intaneti hapa Magomeni, nawapigia chapa watu wasiojua kompyuta, na miongoni mwao wamo baba yangu, Mzee Mbwana, ambaye ukoo wake ulitoka Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, na Mzee Bakari wa Temeke, anayetoa mizigo ya watu bandarini Kurasini, ambaye mama yake alikuwa Mnzwani na ambaye ndiye baba wa Suleiman, mchumba wangu. Wazee hawa wakikutana nyumbani kwetu ni heshima tupu, mmoja akisema samaki wamepanda bei mwenzake anasema kweli mkwe, mmoja akisema mvua zimechelewa mwenzake anasema kweli mkwe, na habari ya Nzwani kujitangazia uhuru mwaka juzi na kujitenga na visiwa vingine vya Komoro hawajaigusa hata siku moja, kwa kuwa wakwe hawabishani, hasa kabla ya ndoa.

Sasa Bibi, maneno wanayoyameza sebuleni wanakuja kuyatapika dukani kwangu. Kuna jukwaa la barua pepe la watu wenye asili ya Komoro, wa Mombasa, wa Unguja, wa huku kwetu na wengine wa Ulaya, na tangu Nzwani ijitenge, humo hakuna salamu, ni vita. Baba huja Jumamosi na kuandika kwa jina la Kamba Moja, Mzee Bakari huja Jumatano akitoka kazini na kuandika kwa jina la Karafuu Chungu, na kati ya watu wote wa jukwaa lile hawa wawili wamechaguana, kila mmoja anamwandama mwenzake bila kujua ni nani, na wote hunijia mie kwa sababu wanasema siri zao hawawezi kumpa mtoto wa watu.

Mwanzoni nilipiga chapa kama nilivyoambiwa. Baba akasema, "Andika, mwanangu: Nzwani ni mtoto anayehama nyumba kwa sababu amenyimwa ukoko." Nikaandika. Jumatano Mzee Bakari akausikia ukoko ule, akapiga meza, akasema, "Mjibu huyo. Mwambie Wangazija wameikalia nchi kama kuku aliyekalia mayai, na hata kutotoa hawatotoi!" Nikaandika. Jumamosi nilipomsomea baba habari ya kuku, alivua miwani, akaapa, akaniambia, "Sikiliza, Farida. Mtu anayeandika namna hii, sijali ni nani, mtoto wangu hawezi kukanyaga kwake."

Bibi, huyo aliyeandika ndiye baba wa Suleiman. Tangu siku hiyo nikaanza kulainisha. Baba anasema, "Mwambie ni mjinga asiyejua hata kisiwa chake kina maji au hakina," mie naandika, "Ndugu yangu, ningependa kujua hali ya maji huko kwenu." Mzee Bakari anasema, "Mwambie akitaka umoja akaungane na shetani," mie naandika, "Umoja ni jambo jema, ila haki itangulie." Macho ya wote wawili hayawezi kioo cha kompyuta, yanatoa machozi, kwa hiyo mie ndiye ninayewasomea, na wakitaka nirudie walichosema narudia kwa kichwa vile walivyosema, wanaridhika, wanaondoka.

Ukawa ndio mwanzo wa balaa, kwa sababu wamependana. Baba anasema, "Unaona? Nimemkanya na ameelewa. Hoja zangu zimemlainisha Mnzwani yule." Mzee Bakari naye ananiambia, "Huyu Kamba Moja alianza vibaya, lakini ni mtu aliyelelewa, anauliza mpaka habari ya maji." Halafu Jumamosi iliyopita baba akasema nimwandikie Karafuu Chungu aje kwenye harusi yangu, atamweka karibu yake. "Na mkwe wangu Bakari nitamkalisha papo hapo," akasema, "amwone Mnzwani mwenye adabu, labda naye atajifunza." Nikasema nitaandika. Jumatano Mzee Bakari akaingia akicheka, akasema, "Mwandikie Kamba Moja aje tumwozeshe Suleiman pamoja. Baba yako, mama, ni mtu mwema, simsemi vibaya, ila hana hoja. Nataka akae na Mngazija mwenye akili."

Mialiko yote miwili sijaipeleka. Wananiuliza kama majibu yamekuja. Suleiman nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Wee sema mashine imekufa, ishu imekwisha," lakini maduka ya intaneti sasa yako mengi na wazee hawa wanaweza kwenda kwingine wakasomewa na mtu mwingine, na nikisema kweli naona wazee watakumbuka ule ukoko na yule kuku, na baba kiapo chake, na mie nitabaki na vitenge vyangu sandukuni. Nampenda Suleiman, Bibi. Nifanye nini?

Farida, Magomeni

JIBU LA BIBI AVELINA

Marahaba, Farida. Majina yenu nimeyabadilisha yote. Sentensi zako nimeziacha kama zilivyo, ili wasomaji waone jinsi mtu anavyokimbia asipotaka kufika. Jifunze kuweka nukta. Mwenye kuweka nukta hupata mahali pa kupumua, na akipumua hufikiri.

Nilicheka niliposoma barua yako, sitakuficha. Nilicheka zaidi kwa wazee wale kuliko kwako. Watu wazima, wenye ndevu na heshima mtaani, wanajibanza nyuma ya majina ya karafuu na kamba ili watukanane kwa raha. Baba yako anaamini amemshinda mtu kwa hoja, kumbe ameshindwa na bintiye. Mzee Bakari anamsifu Mngazija mwenye akili, na Mngazija huyo ni msichana anayempigia chapa.

Kicheko kimeisha. Sasa sikiliza.

Umekosea. Najua ulikuwa na hofu, na najua nia yako ilikuwa njema. Hata hivyo, mtu mzima akikuagiza neno, una njia mbili tu: kulifikisha, au kumwambia usoni kwamba hulifikishi. Wewe ulichukua njia ya tatu. Ulipokea ukali, ukatoa upole, kisha ukawasomea wenyewe ukali ule ule kana kwamba umekwenda. Hapo ndipo ulipodanganya, na umedanganya wazazi wawili kwa mpigo mmoja.

Katika kurasa zako zote umenitajia kisiwa, kompyuta, ukoko na kuku, lakini kuna mtu mmoja hukumtaja. Mshenga wenu yuko wapi? Posa haikuruka yenyewe kutoka Temeke hadi Magomeni. Mimi ni mtu wa Bukoba na ni Mkristo, na hata kwetu hakuna anayeoza binti bila mtu wa kati. Nimeishi Temeke miaka mingi kiasi cha kujua kwamba kwenu nyinyi watu wa pwani mshenga hamalizi kazi yake mahari ikishapokewa. Yupo kwa ajili ya siku kama hizi.

Tena wewe uliifanya kazi yake bila kutumwa. Mshenga hulainisha maneno, na kila anayemtuma anajua kwamba neno lake litafika limekatwa miiba. Wazee wamekubali hivyo, na ndiyo sababu hakuna anayemwita mwongo. Wewe uliikata miiba ya watu waliodhani wanapeleka miiba. Tofauti ni hiyo, na ni kubwa.

Kwa hiyo utafanya hivi. Mialiko ile usiipeleke. Ushauri wa mchumba wako uweke kando. Ni kijana mwenye furaha, na furaha itawafaa mkishaoana, lakini mashine iliyokufa hufufuliwa na fundi. Nenda kwa mshenga wewe na mama yako, umweleze yote, pamoja na kiapo cha baba. Yeye ataanza na baba yako, kwa kuwa ndiye aliyeapa, kisha atakwenda Temeke. Usimtangulie. Ukimaliza kumweleza, nyamaza.

Baba yako akikuita akuulize, mpigie goti, useme, "Baba, nilibadilisha maneno yako, nisamehe." Usiongeze "lakini". Akitaka umtajie matusi ya mwenzake uliyoyazuia, kataa kwa adabu. Kuku yule amekwisha fika, hatuwezi kumrudisha. Mengine yalifia mikononi mwako, nawe usiyafufue kwa kisingizio cha ukweli. Ukweli unaodaiwa ni kuhusu ulichofanya wewe. Walichosema wao watakitoa wenyewe wakitaka.

Je, atavunja harusi? Anaweza kufoka, na ana haki ya kufoka. Lakini fikiri, binti. Wazee hawa walipotukanana, walitukana mtu wasiyemjua. Walipopendana, walikuwa wamekwisha kusamehe ukoko na kuku, kila mmoja kwa kinywa chake, mpaka wakataka kukaa sahani moja. Msamaha ule haukuandikwa na wewe. Mshenga mwenye akili atashika hapo hapo. Na afadhali ukali wa baba mwezi huu, ndoa haijafungwa, kuliko siku ya harusi wazee wawili wakae wanatazama mlango, wakimngoja mgeni ambaye haji.

Kuhusu Nzwani yenyewe, kama iende zake au ibaki na wenzake, hilo wataamua Wanzwani na jirani zao. Magomeni haipigi kura, wala Temeke. Lakini ni neno linalowauma wazee wenu, na mtu akiumwa ana haki ya kulisema. Wakwe wanaozungumzia bei ya samaki tu ni wageni waliovaa vizuri. Heshima haiwazuii kutokubaliana. Inawazuia kuitana wajinga.

Kazi ya kuwapigia chapa iache leo, wote wawili. Na mshenga akishamaliza yake, Jumamosi baba yako akija dukani na jibu lake la moto, mpe kiti, mpe maji, umwambie kwamba Karafuu Chungu anakaa Temeke, kahawa iko jikoni kwake, na aende akamjibu mwenyewe.