Jamu ya Zambarau

Jumamosi, 11 Januari

"Kiswahili hakina neno la plum. Tuandike tu Plum Jam, watu wasihangaike." Ni maneno ya Patrobas Mukhwana, katibu wa kanisa letu, amesimama jikoni kwangu hapa mtaa wa Jericho, analamba mwiko wetu.

Hakina neno! Lugha yenye jina kwa kila hatua ya nazi, tangu kidaka mpaka nazi kavu, ishindwe na tunda moja? Asiyelijua neno husema halipo. Huo ni ugonjwa wa makarani wa kaunsili, na Patrobas alikaa kaunsili miaka thelathini: kisichokuwa ndani ya faili hakijazaliwa.

Nikaenda kabatini. Nikatoa kamusi yangu ya Kiingereza na Kiswahili, ile iliyopasuka mgongo. Herufi P. Plum: zambarau. Nikamsomea. Halafu nikamsomea tena, polepole, kama mtoto wa nasari.

"Haya, Mhariri, umeshinda," akasema. "Lakini zambarau si rangi?"

"Na chungwa je? Hujawahi kuvaa shati la rangi ya machungwa?"

Kageha alicheka mpaka povu likapanda na kumwagikia jiko.

Kageha ni mdogo wangu. Kiwanda cha nguo kilimwachisha kazi Oktoba, yeye na wenzake, kwa ujumbe wa simu — hata barua hawakustahili! Jamu hii ndiyo kazi yake sasa. Yeye hupika, mimi husumbua. Plamu ni za Kinangop, tunazichukua sokoni Muthurwa zikiwa bado ngumu kidogo. Zinapasuliwa, kokwa zinatolewa. Kilo ya tunda, kilo ya sukari, ndimu mbili. Kisha unadondosha tone kwenye sahani baridi na kulisukuma kwa kidole. Likijikunja, imeiva. Leo lilijikunja mara ya tatu. Chupa arobaini.

Lebo nimeiandika mwenyewe. JAMU YA ZAMBARAU. IMEPIKWA JERICHO. Miaka ishirini na sita nilisahihisha gazeti la watu wengine. Sitabandikiwa Kiingereza kwenye chupa iliyotoka kwenye jiko langu.

Jumapili, 19 Januari

Zimekwisha! Karibu zote, nje ya kanisa, hata chai haijapoa. Kageha hajatabasamu hivyo tangu Oktoba.

Mzee Obura amechukua mbili. Ni jirani yetu wa mtaa wa nyuma, mstaafu wa reli, anaishi na binti yake Lorraine. Aliishika chupa kwa mikono miwili, akaisoma kwa sauti. "Zam-ba-rau. Neno hili nililiacha Changamwe, Mombasa, mwaka wa themanini na nane!" Nikamtazama Patrobas. Patrobas akatazama viatu vyake.

Kamati ya kutembelea wagonjwa, ile inayoongozwa na Roseline, imechukua sita za kupelekea wagonjwa wao. Patrobas naye alichukua moja, akaniomba niitie sahihi. Mchokozi. Nilitia.

Jumapili, 26 Januari

Roseline ametoa ushuhuda. Ametembelea mgonjwa, akampelekea "ile chupa ya zambarau", na mgonjwa ameinuka. Makofi. Nikadhani ni utamu tu. Mtu aliyelala wiki tatu akila uji, mpe kitu kitamu, atainuka.

Kageha anasema watu wanamuuliza kama jamu ina dawa. Nimemwambia watu wa kanisa letu huuliza hata maji ya mfereji yana dawa gani. Nikarudi kwenye barua yangu kwa mhariri kuhusu lebo za Kiingereza madukani. Kurasa nne. Imetoka kali.

Jumatatu, 3 Februari

Mzee Obura yuko hospitali.

Lorraine amekuja mlangoni na chupa yetu mkononi, tupu, imelambwa hadi chini. Alimkuta babake sakafuni bafuni asubuhi, anaongea na mtu asiyekuwepo, anaomba maji, maji. Sukari imepanda hadi mashine imekataa kutoa namba. Imeandika HI, yaani imepita kipimo. "Auntie, nikadhani inamsalimia," akasema. Akacheka vibaya, halafu akalia.

Sikuelewa chupa inahusiana vipi. Nikamwambia, mwenye sukari anajua asile jamu, kila mtoto anajua.

"Lakini mmeandika zambarau."

"Ndiyo. Kwa sababu ni zambarau."

"Auntie. Zambarau ni jamna."

Nimekaa na sentensi hiyo tangu saa nne. Sijala.

Jumanne, 4 Februari

Nina kamusi mbili. Ile ya Kiswahili kwa Kiswahili iko rafu ya juu, nyuma ya magazeti. Tarehe kumi na moja sikuifungua. Kwa nini niifungue? Nilikuwa nimeshashinda.

Leo nimeifungua. Tunda dogo la mzambarau, jeusi likiiva, lenye kokwa moja na ukakasi, na hupaka ulimi rangi.

Hupaka ulimi rangi! Nyuma ya shule yetu Vihiga kulikuwa na mti mmoja. Tulikuwa tunashuka tukiwa na midomo ya maiti. Mama alinichapa kwa sababu ya sare, madoa hayakutoka hata kwa jivu. Sisi tuliuita jamna. Wajaluo jamna, Waluhya jamna, wote jamna. Zambarau nililikuta kitabuni baadaye sana, nikiwa mkubwa, nikaliweka mahali pa maneno mazuri. Sikuwahi kuyakutanisha mawili hayo. Tunda nililijua kwa mdomo, jina nikalijua kwa macho, na miaka arobaini hayakuonana.

Na jamna, kila nyumba ya magharibi inajua, ni dawa ya sukari. Kokwa zake zinakaushwa, zinasagwa, zinanywewa. Kama ni kweli sijui. Watu wanaamini, na mimi nimewaandikia.

Saa nane nilienda kumwona. Amepungua kitandani, amekuwa kama mtoto aliyevikwa shuka la mtu mzima. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni. Vidonge aliviacha siku ya tatu. Mguu wa kushoto una kidonda kwenye kidole, daktari anakiangalia kila asubuhi na hasemi kitu.

Nikamuuliza: mzee, wewe umeishi Mombasa, umekula zambarau zenyewe. Hukuonja kwamba hii siyo?

Akasema polepole, midomo imekauka: "Ulimi uliniambia. Zambarau hukaza mdomo. Hii yenu ilikuwa laini. Nikauambia ulimi, nyamaza wewe, aliyeandika ni Mhariri."

Kisha akanipa pole. Yeye! Mimi!

Jumatano, 5 Februari

Nimegombana na Kageha. Niandike hapa vile ilivyokuwa, nisijipendelee.

Nilimuuliza, walipokuuliza kama inashusha sukari, ulisema nini?

"Sikusema ndiyo."

"Ulisema nini?"

"Nilicheka tu." Alikuwa anaosha sufuria, hakugeuka. "Ulitaka niwaambie si dawa, na chupa zinatoka hivyo? Wewe una pensheni yako na vitabu vyako, dada. Mimi nina hii sufuria."

Nikamwambia kicheko chake kimemlaza mtu. Nikasema mengine pia. Nilikuwa na maneno mengi, huwa ninayo.

Ndipo akageuka. "Mimi nilikoroga. Wewe uliandika. Plum Jam ingenunuliwa vilevile — na Mzee Obura angeipita akienda zake."

Nimetafuta jibu la hilo tangu mchana. Nimejaribu kusema kwamba kosa ni la aliyetunga kamusi ile ya kwanza, kwamba aliandika neno moja mahali palipohitaji mstari mzima. Ni kweli. Nilianza hata kumwandikia barua. Kwenye aya ya pili nikaona mkono wangu unavyokwenda vizuri, unavyofurahia, nikaichana.

Ijumaa, 7 Februari

Siku mbili natembea. Jericho, Makongeni, Kaloleni. Nabisha hodi, naomba chupa yangu. Watu wanadhani nimechanganyikiwa. Mama mmoja wa Makongeni alikataa kabisa: "Nimelipa, na watoto wangu wanaipenda, na hapa hakuna mgonjwa. Enda zako, Mhariri." Nikamwacha nayo, nikabandua lebo tu. Akanitazama nikikwaruza kwa ukucha mlangoni pake, akaguna, akaniletea kisu.

Ishirini na tisa zimerudi au zimejulikana ziliko. Nne tulibaki nazo. Moja ni ya Patrobas. Bado sita za kamati.

Patrobas alikuja jioni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua atakavyoingia, kifua mbele, nilijua hata neno la kwanza. Hakuingia hivyo. Alikaa, akashika kofia. "Hata mimi sikujua, Dada Asenath. Nilisema hakina neno kwa sababu sikulijua. Ningejua jamna ni zambarau ningekuzuia." Afadhali angenicheka. Mtu umepigana naye miaka kumi na mbili kwenye kila kikao, halafu siku moja anakuhurumia — unashika wapi?

Ameleta tangazo la Jumapili, ameliandika mwenyewe. "Kutokana na hitilafu ya uchapishaji, jamu iliyouzwa tarehe 19 ilipewa jina lisilo sahihi."

Hitilafu ya uchapishaji. Lebo ilichapwa Kariokor na kijana wa watu, Mulwa, herufi kwa herufi kama nilivyompa. Aliniuliza hata, "Madam, spelling iko sawa?" Nikamjibu asinifundishe.

Nilimwambia Patrobas hivyo. Akasema, "Mulwa hatajua. Hasali kwetu. Na Kageha atapata kuuza tena, baadaye."

Niliitazama ile sentensi ya tangazo. Haikuwa na kosa hata moja. Koma mahali pake. Mimi mwenyewe nisingeigusa. Na Kageha alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha sahani, ananiangalia mkono.

Nikaikata. Juu yake nimeandika: "Mimi, Asenath Ayuma, niliandika zambarau. Si zambarau, si jamna. Ni plamu na sukari, nusu kwa nusu. Mwenye kisukari asile. Aliyeacha vidonge avirudie leo na aende kliniki."

Kageha ameenda kulala bila kuniaga. Patrobas atasoma, ameahidi. Alikunja karatasi mara mbili na kuiweka ndani ya kofia.

Lorraine amepiga simu: kidole kimebadilika rangi. Wataamua Jumatatu kama watakikata.

Jumamosi, 8 Februari

Kesho ni mbali mno. Wagonjwa wa kamati hawaji kanisani — ndiyo maana wanatembelewa! Tangazo litasomewa wazima.

Nimempigia Roseline saa mbili asubuhi. Nimemwambia yote. Akajibu: "Dada Asenath, kamati haitangazi magonjwa ya watu."

Nikasema sitangazi, nataka kubisha hodi.

"Na ukibisha, utamwambia nini mama wa watu? Kwamba Roseline alimletea sukari?"

"Nitamwambia ni mimi."

"Hawakujui wewe. Mimi ndiye niliyeshika ile chupa, nikafumba macho, nikaiombea. Watu walinipigia makofi, Asenath. Nitasimama wapi?"

Nikasema — sikupiga kelele, naapa — asimame pale nitakaposimama mimi, tutabanana. Akakata. Tangu hapo simu inaita tu.

Nimewapigia wenzake wanne wa kamati. Wawili wanasema muulize mwenyekiti. Mmoja amesema ataniombea. Wa nne amezima.

Chupa moja ya kamati nimeipata kwa bahati, saa sita. Muuza mboga wa Mbotela alinitajia Mama Job, haonekani siku hizi, miguu imevimba. Nikaenda. Chupa iko kando ya kitanda, imebaki robo, kijiko kimo ndani. Vidonge viko dirishani, karatasi nzima, hakuna hata kimoja kilichotolewa. Alifurahi kuniona. Alitaka kunionjesha. Nilipomweleza, hakuamini: alinionyesha lebo. "Si hii hapa imeandikwa?" Nimemwita bintiye kazini, wamekwenda kliniki kwa boda. Nimekaa naye mpaka alipopanda. Alikuwa ameshikilia chupa, hakutaka kuniachia.

Zimebaki tano. Watu watano, mahali fulani kati ya hapa na Kayole, wanalamba maandishi yangu na kuacha dawa. Saa kumi sasa. Nimetuma ujumbe mara tatu, umesomwa mara tatu, naziona alama. Nitauandika mara ya nne, niuandike hapa kwanza ili nisitukane.

Roseline, na ninyi wanne wa kamati. Sitaki msamaha wenu wala maombi yenu, na ushuhuda wako nitauchukua mimi, nitasema ni mimi niliyekudanganya, maana ni kweli. Kesho msimame au msisimame, shauri yenu. Lakini leo, kabla ya chakula cha jioni, kabla hawajafungua kifuniko: nipeni majina matano na milango mitano. Shika simu, Roseline. Shika simu.