Mtaro Unaochimba na Wawira

Ndugu yangu Nyaga,

Mko salama hapo Kibugu? Kifua cha mama kimepata nafuu? Mimi ni mzima, ila baridi ya hapa Luksemburg hainipendi. Nakuandikia Kiswahili makusudi, ili afisa anayefungua barua zetu pale boma la serikali asihangaike kutafuta mkalimani.

Chuo kimetuleta hapa tusome ule umoja wa nchi sita za Ulaya, zilizoweka makaa ya mawe na chuma chini ya baraza moja. Juzi tu walikuwa wanauana. Leo wakubwa wa baraza hilo wanaapa mbele ya majaji kwamba hawatapendelea nchi walikozaliwa. Kiapo, Nyaga, mchana kweupe, tena wanapigwa picha. Hakuna aliyepelekwa kizuizini kwa kuapa, kama huko kwetu. Niliwaonea wivu mpaka nikashindwa kuandika.

Lakini wivu huo si kitu. Ulioninyima usingizi umetoka kwenye barua yako. Umelalamika juu ya mtaro mnaochimbishwa kando ya msitu kuwazuia waliojificha humo, mgongo unauma, askari wanafoka. Nikakuhurumia kweli. Kisha ukaongeza, kama mtu anayetaja mvua, kwamba Wawira huchimba karibu nawe, na akichoka unammalizia sehemu yake. Tena katika hicho kijiji kipya mlichohamishiwa kwa nguvu nyumba yao inatazamana na yetu. Loo! Mimi niliyemchumbia sijui hata siku hizi anacheka vipi. Wewe unajua. Nauonea wivu mtaro, ndugu yangu. Ningepewa jembe leo ningekuja.

Niliposafiri nilikutuma kwa baba yake Wawira na pombe ya asali ukanisemee. Mama ameniambia mzee alikunywa, akafurahi, akakusifu wewe. Jina langu hakulitaja. Hapa mwalimu alituuliza kama mtu anaweza kweli kuwasemea wengine na kujisahau. Wenzangu walibishana sana. Mimi nilikuwaza wewe. Basi nijibu bila kuzunguka: ulinisemea mimi, au ulijisemea?

Nisalimie mjomba wa Kiambere, ukipewa pasi ya kwenda, na shangazi aliyetulea. Wawira usimsalimie. Salamu zake nimempa mama azipeleke, pamoja na swali lile lile nililokuuliza wewe. Jibu lake ndilo nitakaloamini.

Ni mimi kaka yako Ireri, ambaye bado ni mchumba wake mpaka aseme vingine.