Blanketi la Harusi Limekwenda kwa Ndege

Baba Tilda,

Supu ya samaki iko jikoni, ipashe moto. Tilda, ingiza kuni kabla giza halijaingia, na huyo mbwa asipande kitandani kwangu.

~~Nimekwenda kwa dada yangu mjini Anchorage, msinitafute.~~ Nitakwendaje? Gari tuliliuza ukajifunze urubani.

Leo asubuhi nimeamka meno yanagongana. Napapasa: blanketi hakuna, mume yupo, anakoroma akiwa amevaa koti na buti zake. Natoka nje uani, naikuta ndege yako imefunikwa pua kwa blanketi alilotushonea mama yangu la harusi! Hita ya chumbani iko chini yake, waya umepita dirishani. Kumbe ndiyo maana theluji ilikuwa juu ya mto wangu.

Nikakuamsha. Ukanijibu nini? "Mke wangu, injini ikiganda ni gharama. Wewe ukiganda, chai itatosha."

Haya bwana. Gari lilikwenda kwa masomo, boti ikaenda kwa leseni, na ndege yenyewe tumeichukua kwa mkopo wa benki. Inakunywa mafuta kama harusi nzima, na bado hujanipeleka popote, eti mawingu.

Basi nimehamia humo ndegeni. Blanketi nimelivua puani, najifunika mwenyewe, na hita nimeiingiza ndani. Injini ikiganda, inyweshe chai.

Ukitaka kulala na mkeo, gonga mlango wa kulia. Wa kushoto bado ni wa benki.

Mama Tilda