Mashine Isiyokoroma

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya baiskeli,
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa shemeji yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa binti yetu. Je, kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia? Na kazini bado unapanda zile ngazi za ghorofa nne kila asubuhi? Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeanza kuzeeka kuliko mwenyewe. Nikitaka kusimama inabidi nilibembeleze kwanza.

Miezi minane sasa tangu dada yako atutoke. Najua ulivyoumia kwa kutofika siku ya maziko. Nakuomba tena usijilaumu, njia ni ndefu na ruhusa ya kazi haiko mikononi mwa mtu. Kaburi ni safi, napita kila Ijumaa. Mtandio wake wa zambarau nimekuwekea wewe. Nimeukunja kama alivyokuwa akiukunja yeye, mara tatu kwa urefu kisha mara moja kwa upana, na sijaufua. Utaniambia kama nikutumie au nikungoje uje.

Nyumba imezoea kimya kuliko mimi. Mpaka leo nikioga naoga haraka haraka, nikingoja mtu agonge mlango aulize kama nimeamua kuhamia bafuni.

Lakini leo sikukaa hapa mezani ili nikulize. Nina habari za Kwanini. Ndiyo, bado namwita jina ulilompa wewe ulipokuwa unakaa kwetu unasoma, yeye akiwa na miaka minne, ukimwambia avae viatu anauliza kwanini, ukimwambia avue anauliza kwanini. Kiwandani wanamwita Dada wa Maabara. Hapa nyumbani ni Kwanini yuleyule, tofauti ni kwamba siku hizi anauliza halafu anatafuta jibu mwenyewe.

Unakumbuka nilikuwa fundi wa mashine ya mabomba ya maji, na nilistaafu mwaka juzi baada ya kusimama mbele ya mashine moja miaka ishirini na saba. Mashine ile inakula unga mweupe wa plastiki ya vinili. Ukiuona utadhani ni wa ngano. Ndani kuna skrubu ndefu inayousokota na kuupasha moto, na mbele linatoka bomba. Plastiki hii ni kaidi. Moto ukipungua haiivi, na bomba linatoka zuri kwa nje huku ndani punje zake hazijashikana. Moto ukizidi kidogo inaungua, inakuwa kahawia na kutoa moshi unaowasha macho. Kati ya kuiva na kuungua pana uchochoro mwembamba sana, na mimi nilikula ujana wangu humo.

Mabomba yetu hayakuwa imara. Siku za baridi, mchimba mtaro akiangusha moja, linapasuka kama sahani. Wateja wakaanza kuyarudisha. Meneja akampa Kwanini kazi ya kutafuta mchanganyiko mpya, na mtoto akahangaika nao mwaka mzima, hata wakati mama yake amelala kitandani. Alikuwa akisoma vitabu vyake pembeni pale, dada yako anamwambia soma kwa sauti na mimi nisikie, ingawa hakuelewa hata mstari mmoja.

Mimi alinieleza kwa lugha ya mtu aliyeishia shule ya msingi. Plastiki, anasema, ni minyororo midogo isiyoonekana, na ndani ya kila punje ya unga imejikunja kama watu wanaosikia baridi. Basi anatia kitu cha kwanza, kidogo tu, chenye minyororo mirefu kuliko ya plastiki yetu. Hiyo inapita kati ya punje, inazivuta na kuzishikanisha mapema, kwa hiyo unga unaiva bila kuhitaji moto mkali. Kisha anatia kitu cha pili, punje za mpira ndogo mno. Ufa ukianza kukimbia ndani ya bomba, unakutana na punje laini, unapoteza nguvu, unakufa hapo. Nikamuuliza, huo mpira utakubali vipi kukaa na plastiki, wakati si ndugu? Akacheka. Akasema kila punje ya mpira imevishwa ganda la plastiki iliyo jamaa na ile yetu, ili ikifika ndani isikae kama mgeni ambaye hajasalimiwa. Hapo nilielewa.

Mwezi wa sita wakaujaribu kwenye mashine yangu ya zamani. Aliyeshika mashine siku hizi ni Kipara, unamkumbuka, yule niliyemfundisha kazi, aliyekuwa akija kwetu na kumaliza sufuria huku akisema hana njaa. Baada ya nusu saa bomba likaanza kutoka na michirizi ya manjano, kisha kahawia, kisha moshi. Wakazima. Siku mbili nzima walikuwa wakifungua mashine na kukwangua plastiki iliyoungua kwa vipande vya shaba, maana ukitumia chuma unakwaruza skrubu. Kiwanda kizima kikasema mchanganyiko wa Dada wa Maabara umeungua. Meneja akamwambia atapewa nafasi moja tu nyingine. Ukiungua tena, mchanganyiko unafungiwa kabatini, na yeye anarudi kupima unene wa mabomba kwa rula.

Alirudi nyumbani jioni ile na ile harufu kali kwenye nguo. Enzi zangu za kazi, dada yako alikuwa akinusa kola ya shati langu mlangoni. Akikuta ukali ule haulizi kitu, ananiwekea maji ya kuoga. Mimi sina busara hiyo, nikauliza.

"Mkoromo ulianza baada ya muda gani?"

"Mkoromo gani, baba?"

Shemeji, nilishangaa. Nikamweleza kwamba mashine ikifikia mahali plastiki inapoanza kuiva, inakoroma, inapanda na kushuka kama mtu aliyelala chali. Hiyo ndiyo alama. Isipokoroma, plastiki bado mbichi, ongeza moto. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha Kipara na wote waliopita mikononi mwangu. Yeye sikumfundisha, kwa sababu alikuwa mtu wa vitabu, sikudhani lingemfaa.

Akasema polepole, "Kwa hiyo Kipara hakusikia mkoromo, akaongeza moto."

"Lazima aliongeza."

"Nilimuuliza kama kuna mtu aliyegusa kitu. Akasema hapana."

Na Kipara hakusema uongo. Mkono wake unakwenda kwenye ile swichi ya moto wenyewe, kama unavyojikuna. Nani anahesabu kujikuna kuwa ni kazi?

Ndipo akaniambia jambo lililoniingia moyoni. Kwamba mkoromo ule haukuwa dalili ya kuiva. Ulikuwa dalili kwamba baadhi ya unga umeiva na mwingine bado, skrubu inavuta mara kizito mara chepesi. Mchanganyiko wake unaiva wote pamoja, ndiyo maana mashine inanyamaza. Yaani shemeji, miaka ishirini na saba nilikuwa nasikiliza plastiki inalalamika, nikadhani inaimba.

Sitakuficha, niliumia. Nilitoka nje nikasimama uani, nikapanga vibanio vya nguo kwenye kamba bila sababu. Niliporudi nikamkuta anaandika ripoti ya meneja, na ameacha mstari mmoja mtupu. Nikamuuliza hapo panakosa nini. Akasema pale ndipo pa kueleza kwa nini moto uliongezwa, na hawezi kueleza bila kuandika kwamba fundi mkuu wa zamani alifundisha hivyo.

"Watasema baba yako alikosea," nikamwambia.

"Ndiyo. Na wewe hukukosea. Kwa unga ule wa zamani ulikuwa sahihi."

"Basi andika yote mawili."

Akaandika. Alipomaliza alinisomea kwa sauti, kama alivyokuwa akimsomea mama yake.

Siku ya jaribio la pili meneja akaruhusu nihudhurie. Walinipa kofia ngumu na kunikalisha kwenye kiti karibu na mashine kama bwana harusi. Kipara akawasha. Ikapita robo saa, ikapita nusu saa, mashine inavuma mfululizo bila kupanda wala kushuka. Nikaona jasho linamtoka kichwani.

"Mwalimu, husikii? Haikoromi."

"Naisikia."

"Niongeze kidogo tu?"

"Ukiongeza nitakukoromea mimi."

Vijana wa zamu wakacheka, lakini Kipara hakucheka. Akasema, bila kunitazama, "Wewe ndiye uliyeniambia masikio hayadanganyi." Nikamjibu masikio yangu hayakudanganya, yalikuwa yanasikiliza kitu kingine, na anayejua kinachosikilizwa sasa ni yule pale. Nikamwonyesha Kwanini, aliyekuwa amesimama mbele ya saa za vipimo vya mashine na kalamu yake sikioni. Wewe mwenyewe unajua mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Kipara akaiweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, na akaishikilia huko mpaka bomba la kwanza likatoka, la kijivu, laini, halina mchirizi hata mmoja.

Bado kulikuwa na majaribio. Kwanza walikata vipande wakavitia kwenye dawa kali inayomenya plastiki isiyoiva vizuri. Havikumenyeka. Kisha vipande ishirini vikalazwa kwenye maji ya barafu saa nzima, na uzito wa chuma ukaangushwa juu ya kila kimoja kutoka juu kabisa. Vya mabomba ya zamani, katika kumi vilikuwa vikipasuka sita. Nilihesabu kwa vidole, na vidole vilipoisha nikaanza upya. Vyote ishirini, shemeji. Vilibonyea, havikupasuka. Meneja alimpa Kwanini mkono, kisha akanipa mimi. Kwanini akamwita Kipara naye apewe, maana ndiye aliyeshika mashine. Hapo nikaona mtoto ametoka kwa dada yako, si kwangu.

Sasa mabomba yote ya kiwanda yanatengenezwa kwa mchanganyiko wake. Juu ya mashine wamebandika karatasi ya maelekezo, na mstari wa tatu unasema mvumo ukiwa sawasawa usiguse moto. Kipara ananiambia bado anajishika mikono.

Jumatatu iliyopita nilikuwa napita barabara ya sokoni, wanachimba mtaro wa maji. Lori lilikuwa linashusha mabomba ya kijivu. Nikasimama kuangalia. Mmoja wa wachimbaji akaponyokwa na bomba, likaanguka kutoka juu ya lori mpaka kwenye jiwe. Nilifumba macho. Lilipolia nikayafumbua, likawa linabingirika, zima.

Yule bwana akaniambia, "Mzee, sogea, litakuumiza."

Nikamwambia, "Hilo bomba la binti yangu."

"Binti yako ndiye mwenye duka?"

"Hapana. Ndiye aliyelifanya lisivunjike."

Akanitazama, akalitazama bomba. Akaliokota, akaliinua mpaka juu ya kichwa, akalibwaga tena kwenye lile jiwe kwa makusudi, kwa nguvu zake zote. Likaruka, likatulia. Akageuka kuwaambia wenzake, "Huyu mzee hasemi uongo!" Nikacheka, shemeji, kwa sauti, katikati ya barabara, nimeshika goti. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mwezi wa kwanza.

Msalimie sana mume wako na wale mapacha, na mwambie yule mkubwa wenu ajibu barua ya Kwanini, anamlalamikia. Kwanini anakusalimu, atakuandikia mwenyewe akipata nafasi, ingawa tunamjua. Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya na usingizi mwema, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kwa moyo ule ule tangu ulipokuwa unafanyia kazi za shule kwenye meza hii,

Baba Kwanini