Chai ya Mapulizo

Jumatatu, 4 Machi

Baba kaacha chakula tena. Kijiko kimoja tu, cha pili akakirudisha sahanini kama kimemtukana. Unaumwa wapi, Baba? Haumwi popote. Chakula hakina njia, ndio jibu lake. Leo nikifua nimeona mkanda wake — kautoboa tundu jipya kwa msumari. Tangu Mama atutoke anapungua tu.

Kaka kapiga simu. Anakuja Jumapili. Akikuta Baba bado hali chakula, anamchukua akakae naye huko kwake ghorofani, Wifi atamwangalia. Nimekata simu. Ningefungua mdomo ningelia. Baba akiondoka mimi nabaki na nani humu ndani — na cherehani?

Nikiwa natoa vyombo, Baba akasema bila kuniangalia: ile chai ya mama yako, hakuna anayeijua?

Mapulizo! Siku nyingi sijalitamka neno hilo. Ndivyo sisi watoto tulivyoyaita yale maua ya njano ya uani. Yakizeeka yanaota mvi, ukipuliza zinaruka zote. Mama alikuwa akitukimbiza na mwiko, eti tunampandia magugu mpaka kitandani. Kesho yake unamkuta yeye mwenyewe kainama, anayachuma na kuimba.

Jumanne, 5 Machi

Nimechuma alfajiri, kando ya tangi la maji. Nikaosha, nikachemsha, nikamwekea mezani, mimi huyoo kazini. Jioni kikombe kimejaa vilevile, chai imepoa.

"Siyo hii," kasema. Basi.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimeshona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Fundi mkuu kaliinua juu watu wote waone, kacheka mpaka akakaa chini. Acha acheke. Akili yangu ilikuwa kwa Mama.

Kwake kila kipande cha mapulizo kilikuwa na kazi yake. Majani — ya miguu iliyovimba, yanashusha maji. Mizizi — ya ini, na ya tumbo la mtu aliyekula bila breki. Kikombe kidogo kabla ya chakula kinaita njaa. Maua — ya moyo mzito. Hilo la maua nadhani alijitungia. Tukikunja nyuso kwamba ni chungu, anatujibu: "Uchungu niliupata mimi nilipowazaa. Hiyo ni chai tu!" Mungu wangu, nimemkumbuka!

Jioni kaja jirani yetu, Redio. Jina tulimpa sisi, kwa sababu hazimwi. Kafunua sufuria bila kuomba ruhusa. Kheee! Shoga, umechuma nini hiki? Kanikokota mpaka uani. Nilichokuwa nachuma kina bua refu lenye majani na vichwa kibao. Redio anasema Mama alikuwa akimwambia kila siku: mguu mmoja, kichwa kimoja. Bua tupu, lina uwazi ndani, ua moja juu, majani yote yamelala chini. Mimi nimemchemshia mzee wa watu chakula cha sungura!

Tumecheka mpaka machozi. Yangu yakaendelea.

Alhamisi, 7 Machi

Kwanza zahanati. Baba anameza vidonge vya presha, vile vya kupunguza maji mwilini, na sitaki kumponya huku namuua kule. Nesi kasema nimefanya vizuri kuuliza. Majani niyaache, yatavuta maji pamoja na vidonge. Kaingia kwa daktari, karudi: mizizi, kikombe kidogo, isiwe kila siku, na miguu ikianza kumlegea niache mara moja.

Nimechimba kwa kisu. Mizizi mibishi hiyo! Unavuta, inakatikia ardhini, inakutemea maziwa meupe. Nimesugua, nimekatakata, nimekausha juu ya bati, kisha kikaango kikavu, moto mdogo. Ilipoanza kuwa kahawia ikatoka ile harufu — kama kahawa, kama udongo baada ya mvua. Nyumba nzima ikawa ya zamani. Nageuka, Baba yuko mlangoni pa jikoni. Kasimama tu, anavuta pumzi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwekea kikombe na sahani, nikawahi kazini.

Jioni: kikombe nusu. "Ndiyo hii," kasema. Nikaruka! Kisha nikaiona sahani. Haijaguswa.

Kumbe chai nimeipata na bado sijapata kitu. Keshokutwa Kaka huyo.

Jumapili, 10 Machi

Kaka yuko njiani. Begi la Baba liko chini ya kitanda, nimeshindwa kulitoa.

Nimepika wali na mboga. Nikaweka kikombe, nikaweka sahani, nikageuka niende kwenye vyombo.

"Unakwenda wapi?"

Jikoni, Baba.

"Mama yako alikuwa haendi."

Nikasimama. Akasema chai hii hajawahi kuipenda hata siku moja. Chungu kama nini! Ila Mama akishaiweka alikuwa anakaa, ahakikishe imekwisha. Ikiisha tu, huyo, kwenye shughuli zake. Basi yeye akawa anainywa tone kwa tone. Mama anapiga soga, yeye anakula, hata hajui sahani imekwisha saa ngapi. Miaka yote ile! Na Mama kaenda kaburini akiamini ni mizizi.

Nikavuta kiti. Nikamhadithia jinsi Redio alivyogombana na kuku wa jirani mwingine, akamtaja na ukoo wake wote. Baba kacheka! Kijiko kikaingia mdomoni katikati ya kicheko. Kikafuata kingine. Sikuthubutu kukitazama.

Nimemwambia nataka kuandika kidogo. Andika, kasema, ila hapo hapo ulipo. Kwa hiyo naandika mezani, kiwiko changu kimegusa sahani yake. Wali umebaki upande mmoja.

Honi. Kaka huyo, getini.

Nimenyanyuka nusu. Baba kanishika mkono. "Mwache apige," anasema, na kikombe anakisukuma mbali kidogo, bado kina chai.

Honi tena.